Namna gani ruta zinachagua mukubwa wao



Wengi wenu wanatuuliza juu ya mashini zile zenye taa ndogo za kijani, ruta, zinazopitisha intaneti toka nyumba moja mpaka nyumba ingine. Zaidi sana wanauliza hivi: wakati ruta nyingi zimefungwa pamoja mu swichi moja, nani anaamuru? Ulizo ni zuri, na jibu lake si lile mutu anafikiri kwanza. Ruta zenyewe zinachagua. Zinafanya uchaguzi pasipo mutu kusimama karibu, mu sekunde 40 hivi, na zikiisha kuchagua hazipendi kubadilisha. Yule anayetaka kufanya kazi ya fundi wa mutandao mu muji wetu, ikiwa kwenye mine, ikiwa hospitali ao benki, inafaa ajue jambo hili mbele ya umeme kukatika, hapana kisha.

Tuanze chini kabisa. Ruta ni mashini inayosimama penye njia panda. Pakiti ya habari ikifika, ruta inaangalia inakwenda wapi, halafu inaitia mu njia yake. Ili isikosee, ni lazima iwe na karte ya mutandao muzima. Fundi anaweza kuandika njia zote kwa mukono, moja moja. Kwa ruta 3 ni kazi ya dakika chache. Kwa ruta 60 ni mateso, na kable ikikatika saa nane ya usiku, nani ataamka kuandika upya? Kwa hiyo watu walitunga protokoli, ni kusema kanuni za kusemezana, ili ruta zipashane habari zenyewe.

Kanuni tunayosoma leo inaitwa OSPF. Andiko lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Lile linalofuatwa kwa anwani za IPv4 ni RFC 2328, kazi ya John Moy, iliyotoka Aprili 1998. Lina kurasa 244, na tuseme kweli, si kitabu cha kusoma kitandani. Kwa anwani za IPv6 kuko RFC 5340 ya mwaka 2008. Mu OSPF kila ruta inatangaza viungo vyake: mimi niko na kable hii na hii, gharama yake ni hii na hii. Matangazo yanazunguka mpaka kila ruta inakuwa na karte ile ile sawasawa. Kisha kila moja inahesabu kwa upande wake njia ya gharama ndogo, kwa hesabu ya Edsger Dijkstra, Muholanzi aliyeitangaza mwaka 1959.

SHIDA YA KUWA WENGI

Kati ya ruta mbili zilizofungwa kwa kable moja hakuna neno: hii inasema, ile inasikia. Lakini mu swichi moja munaweza kuwa ruta 5, 10, ao 20, na kila moja inasikia zote. Kama kila ruta inataka kulinganisha karte yake na kila jirani, tuhesabu. Ruta 5 zitafanya ushirika 10. Ruta 10 zitafanya 45. Ruta 20 zitafanya 190. Wale wa mwaka wa tano wanaijua hesabu hii: chukua n, zidisha kwa n toa 1, gawanya kwa 2. Ni sawa na kupeana mukono kisha ibada, wakati waaminifu wanatoka na kupanga mustari na kila mutu anasalimia kila mutu. Watu 5 wanamaliza upesi. Kanisa likijaa, wa mwisho anafika nyumbani bukari imepoa.

Tena si salamu tu. Habari moja ikiingia, kwa mufano kable fulani imekatika, kila ruta ingependa kuirudilia kwa majirani wote, na majirani nao kwa majirani wao, mu kipande kile kile ambamo wote walikwisha kusikia. Makelele bule.

Mu kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yetro anamukuta Musa ameketi toka asubuhi mpaka jioni akiamua maneno ya watu, na anamwonyesha namna ya kugawa ile kazi kwa wengi. Waliotunga OSPF walipita njia ya kinyume: mambo yalikuwa yamesambaa kwa wote, wao wakayakusanya kwa mumoja. Mu kila kipande ambamo ruta nyingi ziko pamoja, ruta moja inakuwa muteule. Ingine inakuwa musaidizi wake. Zote zinazobaki zinafanya ushirika kamili na hao wawili tu; kati yao wenyewe zinajuana, basi. Wazo hili halikuzaliwa ndani ya OSPF. RFC yenyewe inataja kwamba protokoli ingine, IS-IS, ilikuwa nalo.

Sasa hesabu inakuwa 2n toa 3. Ruta 5: ushirika 7. Ruta 10: ushirika 17. Ruta 20: ushirika 37, pahali pa 190. Pima mwenyewe kwa kuchora duara kwenye kartasi, utaona. Kwa ruta 3 faida haiko: hesabu zote mbili zinaleta 3.

Mukifungua mashini na kuuliza majirani wake, mutaona alama hizi. Muteule anaandikwa DR, musaidizi BDR, wengine DROTHER. Ushirika kamili unaandikwa FULL, kujuana tu kunaandikwa 2WAY. Fundi mupya akiona 2WAY anashituka, anaanza kuchomoa kable, anazima hii, anawasha ile. Wapi! Kati ya DROTHER mbili, 2WAY njo afya yenyewe. Ashituke akiikuta kati ya DROTHER na DR, na inabaki pale haisogei.

Habari inatembea hivi. DROTHER moja ikiwa na neno mupya, inalituma kwa anwani 224.0.0.6, ambayo DR na BDR tu wanaisikiliza. DR analirudilia mara moja kwa anwani 224.0.0.5, ambayo ruta zote za OSPF zinaisikiliza. BDR naye amesikia yote, ameandika yote, lakini ananyamaza na kuangalia kama DR amefanya kazi yake. Ndiyo sababu siku DR anapokufa, BDR hana haja ya kujifunza kitu: karte iko naye tayari, na ushirika na wote uko tayari.

Hapa tusimame kidogo, juu watu wengi wanachanganya. DR si mubeba muzigo. Ruta ya maktaba ikitaka kupeleka pakiti kwa ruta ya labo mu swichi ile ile, inaipeleka moja kwa moja, haipitishi kwa DR. Muteule anashugulika na habari za njia tu. Kapita wa kazi anajua nani yuko wapi na anatangaza. Jembe liko mu mikono ya kila mutu.

UCHAGUZI WENYEWE

Kila sekunde 10 kila ruta inatoa salamu. Ndani yake inaandika jina lake la namba, priorite yake, majirani inaowasikia, na tena nani inamujua kuwa DR na nani BDR. Jirani akinyamaza sekunde 40, anahesabiwa amekufa. Fundi anaweza kubadilisha saa hizi mbili, lakini ni lazima zilingane kwa ruta zote za kipande. Zisipolingana, hazitajuana kabisa, hata kama ziko meza moja.

Priorite ni namba toka 0 mpaka 255. Namba kubwa inashinda. Mu mashini nyingi, kama fundi hakuandika kitu, inakuwa 1. Namba 0 maana yake: mimi sitaki ukubwa, musinihesabu, hata usaidizi sitaki. Priorite zikilingana, jina la namba lililo kubwa linashinda. Jina hilo linaandikwa sawa na anwani, kwa vipande vine, na linalinganishwa toka kushoto. Hapa wengi wanaanguka: kati ya 10.0.0.9 na 10.0.0.10, kubwa ni 10.0.0.10. Hapana kuangalia 9 na 1 kama herufi za kamusi.

Ruta inapowaka, haijitangazi mara moja. Inasikiliza mpaka sekunde 40. Ikisikia kwamba DR na BDR wako, inawakubali, mambo yanaisha. Hata kama yenyewe iko na priorite 255 na DR aliyeko ana 1, inawakubali. Musome tena mustari huu, juu ndani yake muko somo lote. Priorite inafanya kazi tu wakati kiti kiko wazi. Mu kilasi ni vile vile: shefu wa kilasi alichaguliwa mwezi wa tisa, mwanafunzi mupya akifika mwezi wa kwanza, hata akiwa murefu kupita wote na mwenye akili kupita wote, anatafuta banki yake na kuketi.

Juu ya nini walikataza kumutosha aliyeketi? Kwa sababu kubadilisha DR kuko na bei. Ni DR anayetangaza kwa mutandao muzima kwamba kipande hiki kiko na ruta hizi na hizi ziko juu yake. Akibadilika, tangazo lake linafutwa, lingine linaandikwa kwa jina la mupya, na kila ruta ya eneo inahesabu njia upya. Kama kila ruta kubwa inayowaka ingemutosha aliyeko, ruta moja yenye kable mubovu, inayozima na kuwaka, ingesumbua wote mchana kutwa. IS-IS ilichagua kinyume: kule mwenye namba kubwa akifika anachukua kiti papo hapo, na musaidizi hakuna. Watu wenye akili walitazama shida moja na hawakupatana. Sisi tunaona OSPF ilifanya vema zaidi kwa inchi yenye umeme wa kukatika, ijapokuwa, kama mutakavyoona sasa hivi, umeme huo huo njo unaileta matata.

Kama hakuna DR wala BDR anayesikiwa, kisha sekunde 40 ruta inahesabu. Inatafuta kwanza musaidizi, ndiyo, musaidizi mbele: kati ya wote wasiojitangaza kuwa DR, mwenye namba kubwa. Kisha inatafuta DR kati ya wale waliojitangaza. Hakuna? Basi yule musaidizi anapanda kuwa DR, na hesabu inarudiliwa ili kupata musaidizi mungine. Inaonekana kama kuzunguka bure, lakini kwa njia hii DR akifa hakuna haja ya kanuni ya pekee: musaidizi anapanda, nafasi yake inajazwa, kwa hesabu ile ile.

UMEME UNARUDI

Tuseme shule iko na ruta 5 mu swichi moja. Ya ofisi ni mashini kubwa, priorite 100. Ya maktaba ni kubwa pia, priorite 50. Ya labo na ya bweni ni ndogo, hakuna mutu aliyezigusa, priorite 1. Jina la labo ni 10.1.1.3, la bweni 10.1.1.4. Ya kule kwenye lango fundi aliiandika 0. Siku ya kwanza zote zinawashwa pamoja mbele ya fundi, ofisi inakuwa DR, maktaba BDR, fundi anafurahi, anakunywa chai, anarudi kwake.

Halafu delestaji. Saa mbili umeme haiko. Unaporudi, mashini ndogo zinawaka mu nusu dakika. Mashini kubwa ziko na mambo mengi ya kupima mbele ya kusimama, zinachukua dakika 4 ao 5. Labo na bweni wanasikiliza sekunde 40, hawasikii mukubwa yeyote. Wanahesabu. Priorite sawa, jina la bweni ni kubwa: bweni ni DR, labo ni BDR. Lango liko na 0, halihesabiwi. Kisha dakika chache ofisi inawaka na priorite yake 100, inasikia viti vyote viwili vimejaa, inaketi chini kama DROTHER. Maktaba vile vile.

Intaneti inapita, hakuna mutu anaona kitu. Ubaya unakuja siku ingine. Mashini ya bweni iko na akili ndogo, tena imefungwa mu plizi moja na feri ya kupasi. Inazima mara kwa mara. Ikizima ofisi haipandi kuwa DR: labo ndiyo inapanda, juu ilikuwa BDR, na ofisi inapata kiti cha usaidizi tu. Inaomba labo nayo ianguke ndipo ofisi irudi pahali fundi alipoiweka. Vifo viwili, na kila kifo ni sekunde 40 za kungoja mbele majirani hawajakubali kwamba aliyekufa amekufa.

Tuliona karibu jambo hili hili mu nyumba moja ya muji, hatuitaji jina. Kila mara umeme ulipokatika mara mbili kwa siku moja, watu wa ofisi walikuwa wanapoteza kazi yao kati kati, na waliolaumiwa ni wale wanaouza intaneti, watu ambao hawakuwa na kosa. Kable zilibadilishwa. Swichi ilibadilishwa. Feza ilikwenda. Mwisho mutu mumoja akauliza mashini ulizo moja: nani ni DR? Ilikuwa kasha kadogo juu ya kabati.

Dawa ni rahisi, haiombi feza. Andika priorite 0 kwa kila ruta isiyofaa kuwa mukubwa. Sasa umeme ukirudi, labo na bweni na lango zinawaka, zinajuana, na kungoja. Zile dakika 4 hakuna DR, hakuna ushirika, njia hazijulikani. Ni bei tunayokubali. Ofisi ikiwaka inachaguliwa. Mukiwa na onduleri moja tu, muiweke kwa ofisi, hapana kwa televizyo ya salongo. Lakini mujihazari: fundi mumoja mwenye bidii akiandika 0 kwa zote, hakuna atakayechaguliwa hata milele. Zote zitabaki 2WAY, zinasalimiana kila sekunde 10 kwa adabu kubwa, na hakuna hata moja inayojua njia. Mubakishe siku zote mbili zenye namba kupita 0, mumoja wa kuongoza na mumoja wa kusaidia.

Na kama ni ruta mbili tu kwenye kable moja, uchaguzi wa nini? Mafundi wazoefu wanaiambia mashini kwamba kiungo hiki ni cha wawili, na mambo ya DR yanaondoka, pamoja na zile sekunde 40 za kusikiliza.

Kuko pia swichi inayogawanyika. Kable kati ya swichi mbili ikikatika, upande mumoja unabaki na DR wa zamani, upande mungine unajichagulia wake. Siku kable inarudi, wawili wanasikiana, kila mumoja anasema mimi DR. Hapo tu njo priorite inaamua kati ya waliojitangaza, na ikilingana, jina la namba. Mwenye namba ndogo anashuka.

NA LUBIX?

Mwalimu mumoja alituuliza kama pale LUBIX pia wanachagua hivi. LUBIX ni pahali mu Lubumbashi ambapo kampuni za intaneti zinakutanisha mitandao yao, ndugu ya KINIX ya Kinshasa na GOMIX ya Goma, zote chini ya ISPA-RDC. Pasipo pahali pa namna hii, barua toka kartie moja mpaka kartie ingine ya muji mumoja inaweza kupita inchi za mbali mbele ya kufika, ikiwa watu wawili wananunua kwa kampuni mbili. Nairobi walifungua yao, KIXP, mwezi wa kumi na moja 2000. Wakubwa wa serikali wakaifunga kisha siku chache, ikafunguliwa tena 2002.

Jibu: hapana. Mu vituo vya namna hii ruta za kampuni nyingi ziko kweli mu kipande kimoja, na shida ya hesabu ni ile ile, lakini protokoli ni BGP, na BGP haina uchaguzi. Kampuni hazitaki ruta ya mushindani iwe mukubwa wao kwa sababu tu iko na namba kubwa! Kwa hiyo vituo vingi vinaweka mashini moja ya katikati, isiyo ya kampuni yoyote, na kila mumoja anaongea nayo. Nayo kwa kawaida haibebi muzigo, inapitisha habari za njia tu. Kampuni mbili zikipenda kuongea zenyewe kwa zenyewe, hakuna anayezikataza.

MAULIZO KWA MWAKA WA TANO NA WA SITA

1. Swichi moja iko na ruta 12. Ushirika ni ngapi kama hakuna muteule? Ngapi kama yuko DR na BDR?

2. Ruta A (10.0.0.1), B (10.0.0.2), C (10.0.0.9) na D (10.0.0.10) ziko zote na priorite 1. A inawashwa saa 12.00, B saa 12.02, C na D pamoja saa 12.05. Saa 12.10 A inazima. Saa 12.15 A inarudi. Saa 12.20 B inazima. Nani ni DR na nani BDR saa 12.08, saa 12.12, saa 12.17 na saa 12.22?

3. Mu mufano wetu wa shule, fundi hataki kugusa priorite yoyote. Anataka ofisi iwe DR na maktaba BDR kisha delestaji, kwa kuzima na kuwasha mashini tu. Azime ipi kwanza, na ipi ya pili? Angoje muda gani kati yake?

Mulete majibu kwa kartasi yenye jina na kilasi, mbele ya posho. Yale ya ulizo la 3 yaliyo na maelezo tutayachapa mu namba inayokuja.